Siku Tisa za Ung'eng'e Masaka

JUMAMOSI

Kosta iliondoka Bukoba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nusu saa baada ya muda tuliopanga, kwa sababu mzazi mmoja alikumbuka dakika ya mwisho kwamba mwanawe hajabeba senene za kuwapelekea wenyeji. Akarudi nyumbani kwa bodaboda. Tukamsubiri. Hakuna aliyemwambia kwamba kupeleka senene Masaka, Uganda, ni sawa na kupeleka samaki Mwanza.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wanane wa kidato cha tatu, matroni, dereva na mimi mwalimu wa Kiingereza. Safari ilianzia kwenye kikao cha wazazi mwezi wa pili. Baba mmoja alisimama akasema: "Mwanangu anapata B ya Kiingereza, lakini mjomba wake aliyeko Kanada akipiga simu, anampa mama yake aongee." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Watoto wetu wanasoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, halafu siku ya kwanza ya kidato cha kwanza biolojia, jiografia na hesabu vyote vinageuka Kiingereza. Wanajifunza kukisoma na kukinakili. Kukisema ni habari nyingine.

Uingereza ilitajwa, ikajiondoa yenyewe mara tulipopiga hesabu ya nauli. Nairobi ilitajwa, nikaipinga mimi: Nairobi ukimuuliza mtu njia kwa Kiingereza cha kusuasua, atakuonea huruma na kukujibu kwa Kiswahili. Nilitaka mahali pasipo na huruma hiyo. Masaka iko umbali wa kama kilometa 170 kutoka Bukoba, watu wake wanaongea Kiganda, shule zao zinafundisha kwa Kiingereza, na Kiswahili, nilivyodhani, hakipo. Kuna shule moja ya huko iliyokubali kutupokea na kututafutia familia tisa, kila nyumba wanafunzi wawili.

Sheria niliitunga mwenyewe, nikaisoma kwa sauti tukiwa Kyaka: tukivuka mpaka wa Mutukula, hakuna Kiswahili mpaka siku ya kurudi.

Kyaka tulisimama dakika kumi kando ya mto Kagera. Nikawasimulia jinsi majeshi ya Idi Amin yalivyovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia ardhi yote ya kaskazini ya mto, na daraja likalipuliwa mwanzoni mwa Novemba. Walisikiliza huku wanakula vitumbua. Bibi zao ndio waliokimbia, wao wamelisikia hilo tangu utotoni.

Mutukula siku hizi unagongewa mihuri ya nchi zote mbili chini ya paa moja, upande wa unakoingia. Ofisa wa Uganda aliangalia kadi za chanjo ya homa ya manjano, akamuuliza kijana wa mbele anakwenda kufanya nini. Huyo ni yule tunayemwita Spika, maana darasani hakuna anayemnyamazisha. Akajibu kama alivyofunzwa: "To speak English, sir." Ofisa akaweka muhuri chini, akakunja mikono. "Then speak."

Spika hakuwa na neno la pili. Jasho lilimtoka mpaka ofisa mwenyewe akacheka na kumgongea.

JUMAPILI

Usiku wa kwanza nililala nusu usingizi, simu mkononi. Hakuna aliyepiga. Asubuhi tukakutana kanisani na kila mmoja alikuwa na lake.

Mabinti wawili walisema mama mwenyeji aliwakaribisha kwa "Well be back!" walipotoka tu kuoga uani, nao wakadhani wamefanya kosa. Mwingine alikuwa anafagia, baba wa nyumba akapita akamwambia "Well done." Akaacha kufagia, akajua kazi imekubaliwa na imekwisha. Kumbe alikuwa anasalimiwa tu. Kiganda kina salamu ya kumpa mtu aliye kazini, gyebaleko, na wao wameivalisha nguo ya Kiingereza. Sisi tungesema pole na kazi.

Nilianza kuandika maneno haya kwenye daftari nikiwa na kalamu nyekundu, kwa mazoea. "You first sit." "I am satisfied," maana yake nimeshiba. "You have been lost," maana yake umepotea, hatujakuona siku nyingi. Miaka kumi na minne nimekuwa nikiyazungushia mduara maneno kama haya kwenye insha za watoto, naandika pembeni: Swahili English. Hapa nayakuta yanatembea barabarani bila aibu, na watu wanaelewana.

Mchana ulikuwa wa matoke, na ndipo vita halisi ilipoanza. Mganda humenya ndizi, huzifunga kwenye majani ya mgomba, huzipika kwa mvuke kwa saa nyingi, kisha huziminya zikiwa ndani ya majani mpaka ziwe laini na za njano kabisa, ziliwe na mchuzi wa karanga. Mhaya huzipika sufuriani pamoja na maharage, kila ndizi ikijulikana kuwa ni ndizi. Binti mmoja wa Kamachumu aliuliza, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko nilichowahi kumsikia nacho, kwa nini chakula kimetafunwa kabla hajakila. Mama mwenyeji hakukasirika. Alimwambia kwamba hicho anachokiita chakula, huku ni katogo, na kinaliwa asubuhi. Mjadala uliendelea saa nzima. Sijawahi kupata somo la kulinganisha na kutofautisha lililochangamka vile.

Nilipoonja pembeni, nilikuwa upande wa mama. Sikusema.

JUMATATU

Shuleni. Wenzetu wako katikati ya muhula wa pili, kwa hiyo watoto wetu walikaa madarasani kama wanafunzi wengine. Siku ngumu. Waganda wanaanza kwa lugha ya nyumbani miaka mitatu ya kwanza, kisha kuanzia darasa la nne wanahamia Kiingereza, hivyo kijana wa umri uleule ana miaka minne ya kututangulia. Mwalimu wa historia aliuliza swali, mikono ishirini ikaruka, ya kwetu ikabaki mezani.

Kijana mmoja kutoka Magu, mpole, hajafungua mdomo tangu mpakani. Nimemwandika jina.

JUMANNE

Leo nimegundua naibiwa.

Niliamua kupita nyumba kwa nyumba jioni bila taarifa. Nyumba ya kwanza, nikiwa bado nje ya ua, nikasikia kicheko na maongezi yanayotiririka. Nikafurahi. Nikasogea. Haikuwa Kiingereza. Mabinti wangu walikuwa jikoni wanamenya ndizi na bibi wa nyumba, bibi anaongea Kiganda, wao wanamjibu Kihaya, na mambo yanakwenda.

Nilipaswa kulijua hili. Maji Kihaya ni amaizi, Kiganda amazzi. Kuku ni enkoko huku na huku, ng'ombe ni ente, mtoto ni omwana, mgeni ni omugenyi. Si lugha moja, na mtu akiongea haraka Mhaya anaachwa njiani, lakini kwa mambo ya jikoni zinatosha kabisa. Nilipiga marufuku Kiswahili nikasahau kwamba watoto wengi wana lugha nyingine chini yake. Wamepita mlango wa nyuma.

Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, binti wa Kihaya alikuwa amepiga magoti kumsalimia babu wa nyumba kama alivyolelewa kwao, na mwenzake anayetoka Moshi amesimama kando hajui aweke wapi miguu. Babu alimsifu wa kwanza kwa Kiganda, akajibiwa kwa Kihaya. Huyu wa Moshi peke yake ndiye aliyelazimika kuuliza kwa Kiingereza: "Please, why is she down?"

Hapo nikaelewa hesabu yangu ilivyokuwa. Kati ya wanafunzi kumi na wanane, kumi na mmoja ni Wahaya. Saba waliobaki, Wasukuma, Wachaga, Mkerewe mmoja na mtoto wa askari aliyezaliwa Tanga, ndio pekee waliokuwa wanajifunza Kiingereza. Yule wa Magu nilimkuta anamweleza mwenyeji wake mdogo jinsi ya kutega samaki, kwa mikono zaidi kuliko maneno, lakini maneno yalikuwepo. "The father he goes with night. The lamp it calls the fish." Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni. Niliiacha huko.

Usiku nikampigia matroni tushauriane. Nikapendekeza tupige marufuku na Kihaya. Akaniuliza nani atakayesimamia jikoni tisa. Shuleni kwetu tuna kibao cha mti ambacho anayeongea Kiswahili huvalishwa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Nimewahi kukivalisha watoto wengi. Wenyeji wetu walipokuwa wadogo nao walivalishwa chao kwa sababu ya Kiganda, wameniambia. Sikukibeba kile kibao, na hilo nashukuru.

JUMATANO

Mimi nimefikia kwa mwalimu mstaafu, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye wajukuu wote wanamwita Jjajja nami nikaanza kumwita hivyo. Siku nne tumeongea Kiingereza kizuri cha watu wawili wanaoheshimiana. Asubuhi ya leo, tukinywa chai, akaweka kikombe chini akasema kwa Kiswahili: "Ndugu, maji ya moto yako tayari."

Nikamwuliza alikitoa wapi. "Kwenu," akasema. "Mlikileta wenyewe. 1979."

Alikuwa mwalimu kijana. Majeshi ya Tanzania yaliingia Masaka Februari ya mwaka huo, yakielekea Kampala, ambayo iliangukia mikononi mwao tarehe 11 Aprili. Yeye na mama yake walikuwa wamejificha kijijini. Anasema kabla ya hapo Kiswahili kwao kilikuwa sauti ya mwanajeshi. Tangu enzi za Waingereza kilikuwa lugha ya kambi, na wakati wa Amin, mlango ukigongwa usiku, aliyegonga aliongea Kiswahili. Mtu alikisikia akatafuta dirisha. Halafu wakaja askari wengine, Kiswahili chao ni kilekile lakini kina ndugu na tafadhali ndani yake. Watu wakawaita bakombozi. Mzee alijifunza maneno kwa kuwauzia ndizi.

Nilikuwa natabasamu. Nilikuwa tayari kuwaita watoto waje wasikie.

"Kisha nikarudi mjini," akaendelea, sasa kwa Kiingereza. "Mji haukuwepo."

Masaka ilipigwa kwa mizinga, na baada ya kutekwa majengo yake mengi yalibomolewa kwa makusudi, kulipiza yale ya Kagera. Mzee hakulisema kwa hasira. Alinitajia barabara moja baada ya nyingine, nani alikuwa na duka wapi, kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio. Baadhi ya hizo barabara tulikuwa tumezipita siku ile ya kwanza na kosta yetu, watoto wanaimba.

Jumamosi pale Kyaka nilikuwa nimewasimulia daraja. Masaka sikuitaja, na si kwa kuficha: kwenye masomo yangu ya historia, kutoka darasa la kwanza mpaka chuo, hadithi huvuka mpaka na kwenda moja kwa moja Kampala. Nilimwambia mzee hivyo. Akasema kwao pia kuna yanayorukwa.

Halafu akaniomba jambo. Baraza lao la mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na mjukuu wake ana kitabu lakini hana mtu wa kuongea naye. Sisi tuko kumi na wanane hapa, tumekula kiapo cha kutokuongea. "Hii ni akili gani?" akauliza.

Nilifuta sheria saa sita mchana. Badala yake tukapanga hivi: kila jioni baada ya chakula, nusu saa, wanafunzi wetu wanawafundisha watoto wa nyumba Kiswahili. Kihaya hakitasaidia hapo, maana watoto wa kizazi hiki wanataka maelezo, na lugha ya maelezo waliyoizoea darasani ni Kiingereza.

ALHAMISI

Laiti ningerekodi.

Sebuleni kwa Jjajja, Spika aliketi na wavulana watatu wa Kiganda. Alianza vizuri: kitabu changu. Nyumba yangu. Gari langu. Mtoto wangu. Mmoja akauliza kwa nini "my" inabadilika nguo kila mara. Spika akasema, "Because... it is like that." Hawakukubali. Kwao lugha ina mpangilio uleule wa kugawa vitu katika makundi, wakajua kuna sababu anaificha. Akajaribu tena. Akasema vitu vina familia. Akasema kitabu kiko familia moja na kiti na kisu, na mtu wa familia hiyo akipita, wote wanaomfuata wanavaa ki au cha. Akachora. Akakosea, akajisahihisha, akarudi nyuma, akasema "wait, wait, I explain again." Dakika arobaini. Miaka mitatu nimemfundisha na sijawahi kumpata akiongea Kiingereza dakika tano bila karatasi.

Niliwapigia wengine. Kila nyumba ilikuwa hivyo. Binti wa Kamachumu alikuwa anaeleza tofauti ya "kula" na "kulia", na kwa nini saa moja asubuhi si saa saba, ingawa hili Waganda hawakuhitaji kuelezwa: nao huhesabu saa kama sisi.

Mchana tulikuwa tumekwenda Villa Maria, kanisa kongwe la wamisionari, na kupita Katigondo, seminari aliyosoma Laurean Rugambwa wetu kabla ya upadre wake wa 1943. Mwaka 1960 akawa kardinali Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi. Jimbo la Masaka nalo lilikuwa na lake: Joseph Kiwanuka, askofu Mwafrika tangu 1939. Watoto wa pande zote mbili wakaanza kushindana kadinali na askofu, yupi mkubwa. Nikawaacha, maana ugomvi wao ulikuwa wa Kiingereza.

IJUMAA

Kampala, kwenda na kurudi, na siwashauri watu wengine kufanya hivyo kwa siku moja. Foleni ilikula saa tatu.

Kayabwe tulisimama kwenye mstari wa ikweta. Bukoba iko kusini, kwa hiyo wengi walikuwa wanaruka kuingia nusu ya kaskazini ya dunia kwa mara ya kwanza maishani. Kuna vijana wenye mabeseni pale, wanaokuonyesha maji yakizunguka upande huu ukiwa kusini na upande ule ukiwa kaskazini. Yule wa Magu, yule mpole, akamuuliza mwenye beseni kwa nini anayamimina kutoka pembeni. Akamwomba ayamimine katikati na ayaache yatulie kwanza. Mwenye beseni akakasirika. Mzunguko wa dunia hausukumi maji ya beseni, ni mkono wa anayemimina, na kijana wetu alilisema hilo lote kwa sentensi mbili zisizo na kosa hata moja. Tukamvuta tukaondoka. Tukirudi, Lukaya tukanunua gonja, ndizi za kuchoma, na nyama ya vijiti dirishani.

Makerere ilianzishwa 1922. Niliwaonyesha jengo kuu, lililoungua Septemba 2020 na kujengwa upya, nikawaambia Nyerere alisomea ualimu hapa kuanzia 1943, na Benjamin Mkapa alimaliza 1962, shahada yake ikiwa ya Kiingereza. Rais wa Tanzania aliyekuja Uganda kusoma Kiingereza. Nilitegemea watashangaa. Spika akasema, "So we are normal."

JUMAMOSI YA PILI

Soko la Nyendo, kila mmoja na shilingi elfu kumi za Uganda na orodha ya vitu vitano. Mmoja alidai "change" yake kwa muuza nyanya na hakueleweka mpaka aliposema "balance". Wote wamerudi, vitu vimetimia, isipokuwa aliyetumwa limau akaleta machungwa mabichi.

Kwenye kilima upande wa pili tuliona mabati yamesimamishwa juu ya mapipa, safu kwa safu. Mitego ya senene, inasubiri Novemba. Yule aliyebeba senene kutoka Bukoba aliyatazama muda mrefu.

JUMAPILI

Kuagana kulichukua muda kuliko safari yenyewe. Zile senene, kwa taarifa, ziliisha siku ya kwanza: mama wa nyumba alisema zetu zimekaangwa vizuri ila chumvi haitoshi. Jjajja alinipa mbegu za mgomba wake mdogo nikashindwa kumwambia mpakani hazitapita, na hazikupita. Wajukuu wake waliimba "kwaheri walimu", kwa wingi, kwa watoto wa miaka kumi na sita.

Kyaka nilimwomba dereva asimame tena. Safari hii nilisimulia na upande wa pili, barabara za Masaka nilizotajiwa, kwa majina niliyoyakumbuka. Hakuna aliyekuwa anakula.

JUMANNE, NYUMBANI

Simu ya mzazi wa Kamachumu, saa moja asubuhi.

"Mwalimu, shikamoo. Huyu mtoto amerudi salama, tunashukuru. Lakini jana amenikatalia ndizi na maharage. Anasema hicho ni chakula cha asubuhi. Anataka nizifunge kwenye majani, niziponde. Na ananieleza hayo yote kwa Kiingereza, mimi namjibu nini?"

Nikamwambia amjibu Kihaya, ataelewa.